Uso wa Proserpina

Pinnock alifuma uso wa binti yake Kezia kwa mapenzi, na sasa mapenzi hayo yangemtia binti huyo jela.

Baba alipokuwa akiufuma, Kezia alikuwa mtumishi katika jumba la Bwana Thornleigh, huyo huyo aliyeagiza zulia la kutundika ukutani. Mfumi hukaa nyuma ya kazi yake, na kila kipande kikiisha hukunjwa kwenye gogo la mtambo wa kufumia, kisionekane tena hadi siku ya kukata. Proserpina, binti wa mungu mke wa mavuno, aliyepewa uso wa Kezia, alikuwa ameshakunjwa ndani kabisa Kezia aliporudi nyumbani mbio, mkono umevilia damu. Bwana alikuwa amemkamata stoo. Kezia alipomponyoka, bwana akatangaza kuwa msichana ameiba vijiko vya fedha. Ndivyo walivyo wakubwa: wao wanyang'anye, mnyonge aitwe mwizi. Polisi walimtafuta bila kujua ni mtoto wa nani, maana jumbani alitumia jina la mama yake.

Kufumua hakukuwezekana tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Leo Thornleigh alikuja na mkewe kushuhudia zulia likikatwa.

"We Pinnock, jasho la nini?" Tobias, mfumi mwenzake, alimtania. "Au farasi umemfuma miguu mitano?"

"Kata wewe, Toba. Mikono yangu haina nguvu."

Nyuzi zikakatwa, zulia likakunjuliwa taratibu. Yakatoka maua, likatoka gari la Pluto, mfalme wa kuzimu, vidole vyake vimekaza kifundo cha mkono wa msichana anayemteka. Kisha uso.

Thornleigh aligeuka rangi. "Sura hii umeitoa wapi?"

"Kichwani tu, bwana."

"Mwongo mkubwa! Yule mwizi yuko kwako. Nakwenda kuwaita polisi sasa hivi!"

Pinnock akatamani angalikuwa amezaliwa bila mikono.

Bibi Thornleigh alisogea, akavigusa vidole vya Pluto, kisha akavuta mkono wa gauni lake ufunike kifundo chake mwenyewe. Alichelewa, Pinnock alikuwa ameshaiona michubuko.

"Vijiko vimeonekana, mume wangu," alisema. "Umesahau?"

"Harriet, usiniingilie..."

"Vimeonekana. Polisi nitawaambia mwenyewe." Akamgeukia Pinnock. "Litundikeni chumba cha kulia, baba. Mkabala na kiti cha bwana."