Shemeji wa Mtaa Mzima

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, na Dada Pasi bado anabishana na mumewe kupitia dirishani, habari ya chupa ya chai.

"Ishike mkononi. Usiiweke huko juu, itawamwagikia watu."

"Hamna shida."

"Shida ipo. Ni maji ya moto hayo."

"Hamna shida," alirudia mumewe, akaikumbatia chupa kifuani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie.

Kondakta akagonga ubavu wa basi kwa kiganja. "Shemeji, funga kioo, tunakula vumbi. Na wewe dada, mwache mwenzio aende. Kesho unaye."

Hata kondakta alimwita Shemeji. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Dada Pasi alikuwa amewapigia watu pasi kwa miaka kumi na sita, sare za shule, suti za arusi, mashati ya kwenda kuombea kazi, kwa hiyo alikuwa dada wa kila mtu. Na mume wa dada ni shemeji, hata kama katoka China. Alikuja na kampuni ya barabara. Barabara ikaisha, wenzake wakapanda ndege, yeye akabaki na sanduku moja na ufundi wa kusuka upya mota zilizoungua. Wakafunga ndoa mbele ya msajili, watu tisa chumbani, wakapewa cheti.

Lakini cheti cha ndoa ni cha kuoana. Kukaa ni habari nyingine. Kwa kukaa, Shemeji alikuwa na muhuri wa mgeni, wa miezi mitatu. Kila ukikaribia kwisha alipanda basi hadi mpakani, akavuka, akalala upande wa pili, asubuhi akarudi na muhuri mpya. Safari hiyo ilikuwa ya kumi na moja.

Alirudi kesho yake jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Chini ya muhuri mpya mtu wa mpakani alikuwa ameandika kwa kalamu: *Wa mwisho.*

"Amesema mgeni gani anatembelea miaka mitatu," alisema Shemeji. "Amesema nenda chukua kibali cha mume."

Dada Pasi akalitazama lile neno. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma.

"Basi tutakichukua," alisema. "Mume si yupo? Mimi ninaye."

*

Nje ya geti la ofisi ya uhamiaji alikaa mzee mmoja na meza, mwavuli na mashine ya kuchapa, watu wakimwita Mzee wa Fomu. Alikuwa akijaza fomu tangu zikiwa na ukurasa mmoja. Sasa zilikuwa na kumi na mbili. Alidai barua ya mwenye nyumba, barua ya serikali ya mtaa, cheti, nakala za cheti, na picha za mume na mke wakiwa pamoja, zisizopungua kumi, za mahali tofauti tofauti.

Wao walikuwa nazo mbili. Si watu wa picha.

Zilizobaki akazipiga kwa simu yake Mama Povu, mfuaji, mwenzake Dada Pasi kule kwa dobi. Aliwasimamisha mbele ya mashine za kufulia, mbele ya duka la vioo, mbele ya gari la mtu.

"Shemeji, mshike bega."

"Bega gani?"

"Lolote, mradi lisiwe lako. Dada, cheka kidogo. Unaonekana kama umekuja kudai."

Faili likanenepa. Siku ya mahojiano ikapangwa, mwanzoni mwa Machi, wiki mbili kabla ya muhuri kwisha. Mzee wa Fomu akamwita Shemeji peke yake, mchana, Dada Pasi akiwa kazini, ili amfunde.

"Sikiliza, mwanangu. Humo ndani fuata karatasi. Karatasi ikisema hivi, na wewe sema hivyo hivyo. Na mambo yenu ya ajabu ajabu yaache nyumbani. Mume na mke hulala kitandani. Asubuhi hunywa chai. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Na mkeo mwambie."

Jioni Dada Pasi akamwuliza mzee kasema nini. Shemeji alikuwa ameinamia mota ya pampu, anazungusha waya wa shaba na kuhesabu kwa midomo kwa lugha ya kwao. Akikatizwa huanza upya. Akainua kidole: ngoja. Alipofika mwisho wa hesabu akasema, "Mzee anasema hamna shida."

Basi. Mama Povu ndiye aliyemfunda Dada Pasi, huku wakikamua mashuka. "Wewe sema kweli tu, mwenzangu. Njia ya mwongo fupi. Ya nyumbani kwako nani anayajua kukushinda?"

*

Kwenye benchi la kusubiri walikaa na kijana mmoja na mzungu wake, msichana mwenye mabega mekundu ya jua, wanaulizana kutoka kwenye daftari.

"Mswaki wangu rangi gani?"

"Kijani."

"Bluu. Kijani ulikuwa wa juzi. Haya, tena."

Wakaingia, wakatoka wanacheka, kibali mkononi. Kijana akamwambia Dada Pasi kwa wema kabisa, "Rahisi, mama. Wanauliza ya nyumbani tu."

Dada Pasi akashukuru moyoni. Ya nyumbani alikuwa nayo tele.

Waliwatenganisha, kila mmoja chumba chake. Shemeji alitangulia na akatumia dakika kumi. Kisha afisa aliyemhoji akaja kwa mke. Alikuwa kijana mtaratibu, aliyeanza na shikamoo, na Dada Pasi hakuweza kumtazama usoni kwa sababu macho yake yalikuwa yameshaganda kwenye shati. Sare za ofisi ile zilifuliwa kwao. Shati hili alilijua. Kola imelika upande wa kushoto, kwa kuwa mwenyewe hubana simu pale begani. Ukingo wa mkono wa kulia una wino usiotoka. Kifungo cha tatu alikishona yeye mwenyewe, kwa uzi uliokolea kidogo kuliko wa vifungo vingine. Angeulizwa habari za kijana huyu angejibu bila kukosea hata moja.

"Mume wako alizaliwa lini, mama?"

"Mwaka gani?"

"Siku na mwezi tu."

"Ndiyo nakuuliza, mwaka gani? Mwaka juzi ilikuwa Aprili nne. Mwaka jana Machi ishirini na nne."

Afisa akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Mtu huzaliwa mara moja, mama."

"Kwao siku inafuata mwezi wa angani, baba. Haikai mahali pamoja. Mama yake anapiga simu, anasema ni leo, basi ndiyo leo. Namchemshia tambi, zile ndefu za kuombea umri mrefu, hazikatwi."

"Pasipoti inasema Machi kumi na mbili."

"Machi kumi na mbili hatujawahi kufanya kitu."

Afisa akaandika. Aliandika taratibu, kwa adabu.

"Ana umri gani?"

"Arubaini na saba."

"Arubaini na tano."

"Kwao mtoto anazaliwa na mwaka wake mmoja tayari. Halafu—"

"Haya. Asubuhi akiamka anakunywa nini?"

"Maji ya moto."

"Chai."

"Maji. Matupu. Ya moto. Chai anasema inamkausha."

Afisa akatabasamu kidogo, akaandika. "Mnalalaje, mama? Samahani, ni swali la kawaida. Yeye analala upande gani wa kitanda?"

Dada Pasi akakitazama kile kifungo cha tatu. Swali la namna hiyo hakuwahi kuulizwa hata na mama yake mzazi. Lakini alikuwa ameahidi kusema kweli.

"Analala chini. Kwenye mkeka. Mgongo wake uliharibika kwenye barabara ile, godoro linamwumiza."

"Kwa hiyo hamlali pamoja."

"Tunalala pamoja. Mimi juu, yeye chini. Naning'iniza mkono, anaushika mpaka anapitiwa na usingizi. Halafu nauvuta, maana unakufa ganzi."

Alitazama kalamu. Mtu aliyekaa kwa dobi miaka kumi na sita hujifunza kusoma vibandiko vya nguo kichwa chini miguu juu, kutoka upande wa pili wa kaunta. Ilikuwa imeandikwa: *Hawatumii kitanda kimoja.*

"Na huo mkono," alisema. "Uandike na mkono."

"Hapana nafasi ya mkono hapa, mama."

Wakamleta Shemeji. Afisa akaziweka karatasi mbili sambamba mezani, akawasomea. Kuzaliwa, tofauti. Umri, tofauti. Kinywaji, tofauti. Mahali pa kulala, tofauti. Dada Pasi aliposikia kwamba mumewe hulala kitandani, upande wa kushoto, na hunywa chai yenye sukari vijiko viwili, akageuka kumtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mimi nimesema ya karatasi," alisema Shemeji, kwa sauti ndogo.

"Na mimi nimesema ya nyumbani," Dada Pasi alimwambia afisa. "Yote ni mtu mmoja, baba. Njoo nyumbani uone mkeka. Njoo hata sasa hivi."

Afisa akafunga faili. "Mama, mimi nakuelewa. Faili ndilo halielewi."

Siku kumi na nne za kuondoka nchini, ziliandikwa. Rufaa inaruhusiwa.

*

Walirudi kwa miguu. Walifika kwenye maduka.

"Sukari vijiko viwili," alisema Dada Pasi.

"Maji ya moto watu wanacheka. Kila siku wanacheka. Mume wa hapa anakunywa chai."

"Nani alikuambia nataka mume wa hapa? Wa hapa si wamejaa?" Akaenda hatua kadhaa. "Na mkeka?"

Shemeji akamfuata. "Mkeka aibu kidogo. Watasema mke anamlaza chini."

"Wangesema. Wangesema, na ungekuwapo kuwasikia."

Hapo akaanza kulia barabarani, mchana kweupe, na mumewe akasimama kando yake hajui aweke wapi mikono. Mpita njia mmoja akauliza, "Shemeji, vipi?" Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema hamna shida, Shemeji hakusema.

Mzee wa Fomu aliiandika rufaa na hakutaka malipo. Alikuwa akirudia, "Lakini nilimwambia amwambie mkewe." Mtaa ukatia saini, mistari arubaini na moja, kila mmoja akijiandika uhusiano wake na mwombaji: *shemeji, shemeji, shemeji*. Ofisi ikairudisha karatasi hiyo. Ilisema haiwezekani mwanamke mmoja awe na ndugu arubaini na mmoja.

Siku ya tisa shati la yule afisa likaja kwa dobi ndani ya furushi la sare. Mama Povu alilitambua kabla ya Dada Pasi, akalileta mezani kwa ncha za vidole.

"Liunguze."

"Liunguzwe kwa nini?"

"Pasi imeteleza. Nani atajua? Pale mgongoni, weka alama moja tu ya kukumbuka."

Dada Pasi akalitandaza. Akanyunyiza maji. Pasi ilikuwa ya moto kuliko kawaida. Alilisikia joto lake usoni. Akaishikilia juu ya mgongo wa shati muda mrefu, mpaka Mama Povu akasogea karibu. Halafu akaanza na kola, kama ilivyo ada, akamaliza na mikono. Alipolitundika, mikunjo ilisimama kama imechorwa.

"Una moyo wewe," alisema Mama Povu.

"Sina. Ndiyo kazi ninayoijua tu."

Muda wote huo Shemeji alikuwa anamaliza mota za watu. Alikataa kuacha hata moja wazi. Ya mwisho, ya mashine ya kusaga ya mama mmoja wa mtaa wa pili, aliifunga asubuhi ya siku ya kumi na tatu, akaiwasha, akaisikiliza, akanawa mikono, akavaa.

Aliondoka saa nane mchana. Uwanja wa ndege hawakuruhusu wasindikizaji kupita mlango wa kwanza. Alisema atarudi kabla ya mvua. Dada Pasi akamwambia asimwambie mvua gani, asije akakosea tarehe tena. Wakacheka wote wawili, na mlinzi akawaambia wasizibe njia.

*

Rufaa ilijibiwa baada ya miezi saba. Ilikataliwa kwa kuwa mwombaji hayupo nchini.

Ubalozi wa China ulimtaka Dada Pasi alete cheti cha ndoa kikiwa kimetafsiriwa na kugongwa mihuri mitatu katika ofisi tatu. Muhuri wa tatu ulipopatikana, wa kwanza ulikuwa umepita miezi sita, na miezi sita ndiyo uhai wake. Alirudia mara mbili, kisha akaacha.

Shemeji alipata kazi kwenye kiwanda cha feni, mbali na kwao. Mama yake alifariki mwaka wa pili. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, baadaye Jumapili moja moja. Kiswahili chake kimepungua. Dada Pasi huongea polepole ili amsaidie.

Kijana na mzungu wake waliachana. Msichana alibaki, kwa kuwa kibali chake kilikuwa bado kina mwaka, akafungua duka la mabegi. Kijana ni dereva wake.

Afisa alipandishwa cheo, akahamishiwa makao makuu. Husemekana ni mtu mwema.

Mzee wa Fomu alipooza mkono. Meza yake ameichukua mtu mwingine, mwenye kompyuta.

Mama Povu alipata pumu ya sabuni, akaacha kazi. Banda alilokuwa akisukia Shemeji mota sasa linauza vifuniko vya simu.

Dada Pasi angali kwa dobi. Kuachana na mumewe hawezi, hata kama angetaka, maana sheria inawataka wafike wote wawili mbele ya msajili. Ana shinikizo la damu, na kila baada ya miezi mitatu huenda zahanati. Fomu ya pale ina mstari wa hali ya ndoa. Yeye huuacha wazi, na karani humjazia. Mara ya kwanza karani aliandika ameolewa. Mara iliyofuata alikuwapo karani mwingine, akamtazama, akaandika mjane.