Kipimo cha Breka Nambari Saba

Kiwanda cha sabuni kilikuwa kimezimwa tangu asubuhi, kimya hadi nzi akipita unamsikia. Mara moja kwa mwaka breka zote hupimwa, zile swichi kubwa zinazojikata zenyewe umeme ukizidi. Mwaka huu kadi ya vipimo ilingoja sahihi ya fundi mpya. Fundi huyo alikuwa mwanamke, tena mke wa mtoto wa msimamizi. Yaani msimamizi ndiye baba mkwe wake, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Breka sita zilipita bila ubishi. Alizipangusa vumbi, akakaza nati, akazipitishia umeme wa mashine ya kupimia, nazo zikakata kwa mshindo: taa! Walipofika ya saba, inayolisha pipa kubwa la kukorogea, yule mzee msimamizi akajiweka sawa kama anayetambulisha kifungua mimba wake.

"Mwanangu, hii usihangaike nayo, hata mafundi waliokutangulia waliiruka. Miaka kumi na moja haijakata hata siku moja. Tunaiita Mtulivu."

"Nimekusikia, baba. Lakini kadi inataka kipimo."

"Kadi imeandikwa na watu wasioijua!"

Fundi akatabasamu, akafunga nyaya. Kwa umeme mara tatu ya kiwango chake, breka isizidi dakika mbili kabla ya kukata. Dakika ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Mtulivu katulia tuli. Fundi akazima mashine.

"Umeona?" mzee akachekelea. "Chuma hicho!"

"Baba, ilitakiwa ikate."

Mlangoni mkorogaji wa sabuni, mama mnene asiyejua kunong'ona, akachungulia. "Jamani, mkwe na mkwe, mtamaliza tukiwa na mvi?"

"Andika imepita," mzee akasema chini chini. "Wiki ijayo tutaiangalia. Nimewasifia wakubwa breka hii miaka yote, leo niumbuke?"

Fundi akaitazama mikono ya yule mama. Ndiyo inayoshinda juu ya pipa lile kutwa nzima. Shoti ikitokea, wa kukata umeme ni Mtulivu, na sahihi kwenye kadi itakuwa yake yeye fundi. Akachukua tochi, akainama.

Kitufe cha kuijaribia, ambacho kwenye zile sita kilikuwa chekundu, hapa kilikuwa cha kijivu kama kabati zima la breka. Akakibonyeza. Hakikubonyea. Akakwangua kwa ukucha, likabanduka ganda la rangi, chini yake lingine, na lingine.

"Baba, nani hupaka rangi humu?"

Mzee akakuna kichwa. "Mimi. Kila mwaka. Hii naipaka mara mbili, kwa kuipenda."

"Basi umeipenda mpaka umeigandisha."

Mkorogaji akaangua kicheko, akashika mlango asianguke. Mzee alijikaza, alijikaza, mabega yakamsaliti.

"Andika imefeli," akasema akifuta machozi ya kicheko. "Na andika aliyeifelisha ni baba mkwe wako!"

Fundi akaandika la kwanza tu. La pili akalimeza, maana nyumbani wanakula meza moja.

Mzee mwenyewe alikwenda stoo, akarudi amekumbatia breka mpya kama mtoto aliyelala. Wakaifunga pamoja, wakaipima. Sekunde sabini na nne: taa! Mzee akaruka.

"Ee! Hii ina kelele!"

"Ndiyo kazi yake, baba."

Fundi akatia sahihi polepole, herufi kwa herufi, huku mzee akimshikia kadi isiteleze.