Upepo Haulipi Kodi

Alibisha hodi tukiwa bado tunakunywa chai, mwanamke nisiyemjua, viatu vyake vya matairi vimejaa vumbi la njia yote kutoka Pumwani hadi Buruburu.

"Hapa ndipo anapoishi Mumo wa filamu?"

"Wa filamu?" mama yangu akacheka. "Huyu ana digrii ya kusikiliza. Ingia ukae, mama."

Ni kweli, nilisomea kurekodi sauti, na filamu niliyorekodi ni moja tu, ile tuliyoitengeneza na wenzangu tukimaliza chuo. Mgeni alisema anaitwa Everline, mjane wa Shiundu. Nilimkumbuka mara moja. Shiundu alikuwa kibarua wa kiwandani tuliyemwomba aigize mlinzi wa geti kwa sababu mwigizaji wetu hakutokea. Sikujua amekufa. Mashine ya kiwandani ilimuua wakati mkewe ana mimba.

"Jumamosi tunafanya makumbusho yake," alisema. "Ndugu zake wanakuja kutoka Kakamega. Kila mmoja atasimama aseme Shiundu alisema hivi, alisema vile. Mtoto hajawahi kumsikia. Nataka amsikie mwenyewe, si kwa midomo ya watu."

Akanipa simu yake. "Wale wa duka la simu waliniwekea programu hii ya kutazama filamu. Hayumo. Wakaniwekea hii nyingine, imejaa mapenzi ya Wakorea. Bando linaisha, mume wangu haonekani."

"Walikuchagulia vibaya," nilimwambia. "Hizi si kama redio, kwamba ukizungusha utampata. Kila programu ina ghala lake. Filamu yetu ilinunuliwa na Sebule."

Nilisema hivyo kwa fahari. Sebule walikuwa wameniajiri pia, ningeanza Jumatatu. Nilifuta programu zile mbili, nikaweka Sebule, nikaitafuta filamu hadi pale Shiundu anapotoka kibandani na lile koti kubwa. Everline akaegemea mbele. Shiundu akainua mkono, akafungua kinywa, na ikatoka sauti nyororo ya mtangazaji wa habari.

"Tafadhali ingia, bwana, kisha ufunge lango."

"Huyo ni nani?" Everline aliuliza.

Nilirudisha nyuma. Sauti ileile. Nilifungua sehemu ya kuchagua lugha: Kiswahili sanifu, Kiingereza, Kifaransa. Shiundu hakuwemo katika hata moja.

"Hakusema hivyo," Everline alisema polepole. "Alisema, 'Pita, omwami, lakini funga geti. Upepo haulipi kodi.' Hata nyumbani, mlango ukiachwa wazi, ndiyo maneno yake."

Hatukuwa tumemwandikia maneno hayo. Aliyatoa kichwani mwake, na sote tulicheka hadi tukarudia picha.

"Sauti yake ninayo kwenye diski," nilisema. "Utaipata kabla ya makumbusho. Nakuahidi."

"Usiniahidi kama wale wa duka la simu."

"Nakuahidi, mama."

Nilimpigia Clare, ambaye angekuwa mkubwa wangu Sebule, nikidhani palikuwa na kosa na kwamba angefurahi kulijua.

"Si kosa," alisema. "Lafudhi yake ilikuwa nzito. Watazamaji wa nje wasingemwelewa."

"Na wa hapa?"

"Wa hapa hawalipi, Mumo. Na ile diski ya sauti uliyobaki nayo ni mali yetu sasa. Ijumaa uilete, utie sahihi kwamba hakuna mtu mwingine mwenye nakala."

"Mjane wake anaomba sentensi moja tu."

"Leo sentensi moja, kesho filamu nzima iko mtaani. Ukimpa, usije Jumatatu."

Mama alikuwa amesikia yote. Alikuwa amekwisha kuwatangazia wenzake kanisani kwamba mwanawe amepata kazi.

"Mpe huyo mwanamke, halafu tia sahihi," alisema. "Nani atajua?"

"Mimi."

Alianza kukusanya vikombe. "Digrii ya kusikiliza," akasema, na safari hii hakucheka.

Ijumaa nilimpelekea Clare diski. Nilimwambia nakala moja ninayo, ni ya mtoto wa Shiundu, kwa hiyo siwezi kutia sahihi. Nilifikiri labda nikieleza vizuri ataelewa. Kitambulisho changu cha kazi kilikuwa tayari mezani, picha yangu ikitabasamu. Alikivuta taratibu, akakitia kwenye droo yake, akaniuliza kama najua njia ya kutokea.

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda Pumwani kwa miguu. Wageni walikuwa wameanza kufika, na Everline alikuwa akipanga viti ndani, binti yake ameketi kitandani. Simu ya Everline ilikuwa imejaa, haikuwa na nafasi.

"Toa hiyo Sebule," alisema.

Niliifuta, nikamwekea sauti. Hakuuliza imenigharimu nini, nami sikumwambia. Aliacha kupanga viti, akamwita binti yake karibu, akabonyeza.

Kwanza ulisikika mlio wa buti kwenye kokoto. Kisha Shiundu, kwa ile sauti yake nzito ya kukwaruza: "Pita, omwami, lakini funga geti. Upepo haulipi kodi."

Everline aliinamisha kichwa. Mtoto aliitazama simu, akanitazama mimi, akautazama mlango niliouacha wazi nilipoingia. Akashuka kitandani, akaenda kuufunga.