Isale la Thadeus

Veronika alimwona Thadeus akiwa bado mbali, kwenye njia inayopita katikati ya migomba, na moyo ukamlipuka paa. Hakumwogopa mtu mwenyewe. Thadeus alikuwa shemeji yake, mtoto wa baba mdogo wa mumewe, na miaka yote alikuwa akiingia hapo nyumbani Kilema kama kwake, akifunua masufuria bila kuuliza. Alichokiogopa ni lile jani refu la kijani alilolishika mkononi, la isale, limefungwa fundo.

Asiyezaliwa mlimani ataona ni jani tu, la mmea wa mpakani. Lakini Mchaga aliyekukosea akikuletea isale, unamsamehe, na shauri linaishia hapo. Hakuna cha nitafikiria, hakuna cha njoo kesho. Anayekataa, wazee husema, balaa humgeukia yeye na watoto wake. Veronika alikwenda misa kila Jumapili na rozari haikumtoka, lakini hilo la isale hakuwahi kulifanyia majaribio, na hakutaka kuanza leo.

Aliingia ndani mbiombio. "Baba Fabian, Thadeus anakuja na isale. Jifanye umelala, nakuomba."

"Nilale mchana huu?" Melkior, mumewe, alishangaa pale kitandani. "Mtu ni ndugu yangu."

Ndugu! Veronika nusura apige kelele. Ndugu huyo ndiye msimamizi wa korona, mashine ya kuparua majani ya mkonge kule shambani, tambarare. Tangu serikali ilipoliuza shamba kwa mtu binafsi, kila kitu kilikuwa haraka haraka. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka singa zao, zile nyuzi za mkonge, meli pale Tanga haimsubiri mtu, na wakicheleweshewa wangehamia Brazili, au kwenye kamba za nailoni ambazo hazihitaji hata jua la kuanikia. Basi Thadeus akaondoa kifuniko kwenye mdomo wa korona, kwa sababu majani yalikuwa yakikwama hapo. Mashine ilikwenda mbio kweli. Haikuchukua muda ikaumeza mkono wa kulia wa Melkior, aliyekuwa akiilisha majani.

Na si hilo tu lililomnyima Veronika usingizi. Tajiri mwenye shamba, ili aonekane muungwana, alimwajiri mtoto wao Fabian ashike nafasi ya baba yake. Nafasi ileile, mdomo uleule, na kifuniko bado hakuna. Kesho mkaguzi wa viwanda angekuja hapa kumsikiliza Melkior, maana kule shambani wote walikuwa wameufyata, wakiogopa kufukuzwa. Melkior naye akinyamaza, Fabian angeendelea kuilisha mashine ile hadi siku yake ifike.

"Hodi humu! Shikamoo kaka. Shikamoo shemeji."

"Marahaba," Veronika aliitikia.

Thadeus alikaa, akasimama tena, akalishika jani kwa mikono yote miwili. "Kaka, nimekukosea. Sikukusudia, Mungu anaona. Tuyamalize humu humu ndani. Huyo mkaguzi wa kesho si wa ukoo wetu."

Melkior akanyoosha mkono kupokea. Kwa mazoea alinyoosha wa kulia, na kilichochomoza kwenye blanketi kilikuwa kigutu kilichozungushiwa bendeji. Wote watatu walikitazama. Jani likamlegea Thadeus vidoleni, na Veronika akaomba kimoyomoyo lianguke, apate kisingizio cha kusema halikupokelewa.

Halikuanguka. Melkior alikirudisha kigutu polepole, akatoa mkono wa kushoto, akalichukua.

"Nimekusamehe, mdogo wangu. Sina kinyongo na wewe."

Veronika akashika ukingo wa meza. Imekwisha, aliwaza. Huyu mwanaume na upole wake amemtoa mtoto wangu sadaka. Alimchukia mumewe wakati huo, tena alimchukia hasa, akiwa amelala hapo na jani lake kifuani.

Thadeus alishusha pumzi. "Asante kaka. Asante sana. Kwa hiyo, hiyo kesho..."

"Kesho nitamweleza mkaguzi habari ya kifuniko."

"Kaka! Si umeshapokea isale?"

"Nimepokea. Umeniomba msamaha wa mkono wangu, nimekupa. Wa Fabian hujauomba. Usinifikishe siku ya kuniomba huo, Thadeus."

Veronika hakuyaamini masikio yake. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alimgeukia Thadeus akitegemea kumwona amekasirika, aanze kutisha watu na habari za kufukuzwa kazi. Thadeus hakukasirika. Alikuwa ameinama, anakisugua kiatu chake kwenye sakafu.

"Tajiri hataki kungoja hiyo kesho," alisema kwa sauti ndogo. "Ameagiza marobota yote ya singa yakamilike leo, kabla mkaguzi hajafika kuisimamisha kazi. Tangu asubuhi mashine tumeiongeza kasi."

"Na Fabian?" Veronika aliuliza.

"Yupo hapo hapo, shemeji. Nimemwacha hapo hapo."

Veronika hakungoja kusikia zaidi. Alitoka bila viatu, akaikamata njia ya kuteremkia shambani, akikimbia na kuliita jina la mwanawe kwa nguvu zake zote, ingawa alijua vizuri kwamba kutoka huku mlimani Fabian asingeweza kumsikia.