Dekoreta Juu ya Mke

Soipan aliliandika neno lile Jumatatu, kabla chai ya saa nne haijapoa, katika ofisi iliyo juu ya duka la dawa za mifugo pale Kitengela. Alikuwa akitengeneza mfumo wa kugawa ardhi ya ranchi moja upande wa Kajiado. Lugha ya kompyuta aliyotumia ni kali: ukiweka namba mahali pa jina, inakukatalia papo hapo. Juu ya kila kipengele unabandika dekoreta, kineno chenye alama ya @ mbele, kuiambia hifadhidata kitu hiki ni nini na kinahusiana vipi na vingine. Juu ya mke, Soipan alibandika @OneToOne. Mume mmoja, mke mmoja. Mashine haikuona kosa.

Na kosa lilikuwepo, jameni, tena yeye ndiye aliyefaa kuliona. Mama yake, Nalangu, alikuwa mke wa pili wa baba yake, marehemu Lemein.

Saa kumi Nalangu aliingia ofisini na mfuko wake wa shanga. Soipan aliinamisha kichwa, vile mtoto wa Kimaasai humwamkia mkubwa wake, na mama akamgusa utosini. Mkono haukuwa na uzito. Kupitia kifua cha mama, Soipan alisoma kalenda ya chanjo ya ng'ombe iliyokuwa ukutani.

"Yeyo, hii imeanza lini?"

"Asubuhi. Nimeshika ng'ombe nikamue, akawa anageuka kutafuta ni nani. Iko chai?"

Chai ilikuwepo. Nalangu alikunywa, ikamwagika kitini. Kahiga, mwenye ofisi, alileta kitambaa akapangusa. "Pole, mama," alisema, akarudi kwa simu yake.

Nalangu alisogea kwenye kioo cha kompyuta. "Hizi za juu ni za nini?"

"Ni kama shanga, Yeyo. Wewe unabaki wewe, lakini anayekuona anajua kama umeolewa, na umeolewa wapi."

"Na mimi umenivalisha gani?"

Aibu ilimshika Soipan mpaka masikio yakawaka. Akafuta, akaandika @OneToMany, mume mmoja na wake wengi, na kiti kikalia kwa uzito wa Nalangu. Mama alishusha pumzi, akatoa sindano yake.

Ijumaa alikuja Simel, katibu wa ranchi, kuukagua mfumo. Alimkuta Nalangu amekuja tena na shanga zake, akampa mkono, wakaulizana habari za mvua. Kisha akasoma.

"Wake wengi? Hapana. Kamati ilishakubaliana, boma moja mke mmoja. Ploti hazitatosha watu."

"Soipan, rudisha tu," Kahiga alisema. "Ni neno moja."

"Hilo neno ni mama yangu. Nyumba yake iko kwa hiyo ardhi."

"Najua." Alisema kwa upole kabisa, na huo ndio ubaya wa Kahiga. "Lakini sisi tunaandika vile client anataka."

Nalangu alikuwa akipitisha uzi kwenye shanga nyekundu, wala hakuinua macho. Kazi ya Soipan ndiyo iliyokuwa ikiilisha nyumba hiyo hiyo. Soipan akaandika @OneToOne. Mashine haikuona kosa. Sindano ilianguka sakafuni, na Simel akaiokota akaiweka mezani.

Wapima ardhi walipofika, walichimbia bikoni, nguzo ya mpaka, katikati ya mafiga ya Nalangu, kwa sababu hawakuona mtu wa kumwomba ruhusa. Waliona sufuria ya chai ikichemka, basi wakaisogeza.

Siku hizi wako wengi. Wake wa pili, na wa tatu, hukaa kwenye ngazi ya ofisi kutoka asubuhi, na husikii ila mlio wa shanga. Wanaopanda hupita kiubavu wakisema, "Samahani, mama." Kahiga amenunua vikombe zaidi. Ranchi nyingine imeuomba mfumo huo, vile vile ulivyo.

Kila asubuhi Soipan akifika mlangoni huinamisha kichwa, anangoja. Hasikii kitu. Hajui kama mama amemgusa au amekataa.