Ubao wa Darini

Vumbi liliruka mbali na shabaha. Kaka aliinua kichwa kutoka kwenye bunduki, akaikazia macho ile karatasi iliyobandikwa kwenye gunia la mchanga. Meneja wa shamba alikunja mikono kifuani. Nyuma yake walijipanga wachunga ng'ombe wote, maana habari ya majaribio ilikuwa imeshaenea na watu hawataki kusimuliwa.

Kaka akafyatua tena. Safari hii hata gunia hakuligusa.

Nilisimama kando, nimevaa gauni langu la kutokea, kwa sababu kitako kipya cha bunduki ile kilikuwa kazi ya mikono yangu na nilikuwa nimekuja kusifiwa.

Mimi ni seremala. Natengeneza milango, vitanda, na majeneza inapobidi. Bunduki sikuwahi kuigusa mpaka ile ya kaka ilipoanguka kutoka kwenye gari na kitako chake, yaani ule ubao unaokaa begani na kuubeba mtutu, kikapasuka. Kaka alikuwa mlinzi wa shamba la ng'ombe, kazi yake kuwazuia mbwa mwitu wasiwamalize ndama. Watu walimwita Moja Tu, kwa vile hakuwahi kuhitaji risasi ya pili. Lakini hata kabla bunduki haijaanguka alikuwa ameanza kukosa, na ndama walikuwa wakiliwa. Kaka akasema ubao umevimba kwa mvua, unausukuma mtutu. Meneja akamjibu kwa upole, "Basi badilisha. Ukikosa tena, itabidi tutafute mtu mwingine."

Nilipanda darini nikaushusha ubao aliouacha baba. Marehemu alikuwa amepiga marufuku usiguswe mpaka ipatikane kazi ya maana, na tangu azikwe sikuwa nimeiona. Niliugonga kwa kidole, ukaitika kwa sauti kavu. Kitako hukatwa kwa mkono wa mwenye bunduki, kama suruali inavyokatwa kwa mguu wa mvaaji, kwa hiyo nilimkunja kaka mkono nikampima kuanzia kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia. "Usinipunje, mdogo wangu," alinitania. Nikachonga, nikapiga msasa, nikauchimba mfereji wa mtutu mpaka kipande cha karatasi kikapita katikati ya chuma na ubao bila kukwama. Hapo ndipo penye siri ya kulenga: ubao ukishike chuma barabara huku nyuma, na kule mbele usikiguse kabisa.

Na nilijua umekishika. Asubuhi ya majaribio, kaka akiwa bado kwa meneja, mlinzi mwenzake wa zamu ya mchana, mama mmoja tuliyemwita Kipande kwa ufupi wake, aliiegemeza bunduki kwenye magunia akafyatua risasi kadhaa. Matundu yote ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Tulitazamana, tukacheka kwa furaha, tukabandika karatasi mpya.

Kwa hiyo kaka alipokosa mbele ya watu, mimi na Kipande tulikuwa tunajua. Kipande alikuwa ameinamisha kichwa. Meneja alikohoa, na kabla hajafungua mdomo mimi nikawa nimeshafungua wangu.

"Kosa ni langu," nilisema. "Ubao ulikuwa mbichi. Nilifanya haraka, umepinda."

Mchungaji mmoja akasema, "Huyu angebaki na majeneza yake tu. Huko hakuna mteja anayerudi kulalamika."

Wakacheka. Sikujua kwamba aibu inaweza kuchoma masikio kiasi kile. Nilikuwa nimeutukana ubao wa baba mbele ya kadamnasi, na kiburi changu chote cha kazi kilikuwa kinakanyagwa na watu wenye kwato za ng'ombe akilini. Kaka alinitazama. Midomo yake ilicheza, akameza mate.

"Basi tengeneza kingine," meneja alisema. "Kikavu."

Njiani kaka alitangulia, mimi nikafuata. Nilijiambia nimemwokoa. Siku zilizofuata mteja mmoja alikuja kuuliza kama mlango wake nao hautapinda, mwingine akachukua mbao zake akapeleka kwingine. Nikayameza yote.

Kisha kaka akaja karakana na bunduki begani, Kipande nyuma yake.

"Mpime huyu," alisema.

"Bunduki si yako, kaka?"

"Wewe mpime."

Kipande alikunja mkono, uso ameugeuzia ukutani kwa haya. Kaka alishika ncha ya futi kamba ili asome kipimo. Akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha karibu. Mwishowe akanikabidhi.

"Siku ile nilitaka kusema mwenyewe," alisema polepole. "Maneno yalishafika hapa." Akagusa koo. "Ukaniwahi."

Nilitamani sakafu inimeze. Nilidhani nimempa ngao, kumbe nilikuwa nimemziba mdomo.

"Nisamehe, kaka."

"Na mimi nilikuacha uchekwe. Macho ni uzee tu. Lakini hilo linaniuma." Akapapasa kitako cha bunduki kwa kiganja. "Usichonge kingine. Hiki hiki, kikate kimfae."

Nikakibana kwenye jiliwa, nikakata sehemu ya begani, kipande chembamba cha ubao wa baba kikaanguka. Kaka akakitafuta sakafuni kwa mikono, akakipata, akakitia mfukoni.

Alichomwambia meneja nilikisikia kwa Kipande. Aliwaita wachungaji wote, akasema, "Ubao ulikuwa mkavu tangu baba yetu yuko hai. Aliyekosa ni mimi." Akamvika Kipande bunduki begani, akarudi nyumbani kwa miguu.

Siku hizi anakaa nami karakana. Anapiga msasa, na mikono yake huona mkwaruzo ambao mimi mwenye macho nimeupita. Wateja wamerudi. Mara kwa mara mmoja hugonga ubao na kuuliza, kwa utani au kwa dhati, kama umekauka. Kaka huniwahi kila mara.

"Mkavu," humjibu. "Dada yangu hatumii ubao mbichi."

Nami huinama chini ya meza, kutafuta msumari ambao haukuanguka.