Jina Chini ya Jukwaa

Gundi ya bango ilikuwa bado inatiririka ukutani Hermine Wantoch alipolisoma. Akalisoma tena, kisha akalitemea mate. Liliandikwa hivi: Fundi Kufuli, mchezo wa kuchekesha na kuliza, umetungwa na kuongozwa na Ottokar Neubrunn, ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu.

"Umetungwa!" alisema kwa sauti, peke yake, katikati ya watu wa Hongkew, mtaa wa wakimbizi, waliokuwa wakipita na birika zao kwenda kununua maji ya moto. "Mwizi mkubwa wewe! Hujatunga hata salamu!"

Mchezo ule ulikuwa wa mumewe. Siegmund Wantoch aliuandika Vienna, mtaa wa Ottakring, kwenye meza ya jikoni, Hermine akimsomea kila mstari kwa sauti mpaka ukae sawa mdomoni. Ile Novemba Wanazi walipovunja vioo vya maduka ya Wayahudi, walikuja wakamchukua Siegmund, wakachoma karatasi zake uani, na kabla ya majira ya joto wakamrudisha akiwa majivu ndani ya kopo. Hermine akapanda meli kuja Shanghai, kwa sababu ndiko mahali pekee ambapo hakuna aliyemuuliza kibali. Hakuleta karatasi hata moja. Mchezo aliuleta kichwani, wote, tangu neno la kwanza hadi pazia.

Ni yeye aliyewatajia waigizaji neno kwa neno mazoezini. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba jina la Siegmund litangulie. Neubrunn alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamemlegea kwa huruma, akasema, "Mama, hilo hata halihitaji kusemwa." Na Hermine, mpumbavu, akaamini.

Alimkuta Neubrunn ukumbini, amekaa kwenye kiti cha mfalme wa mchezo uliopita, anakula keki ya tufaha. Alikuwa mwanamume mzuri bado, mrefu, mvi zake amezichana kwa mafuta, na sauti aliyokuwa nayo ingeweza kumtoa nyoka pangoni. Uzuri wa mkakasi, Hermine aliwaza, ndani kipande cha mti.

"Jina la mume wangu liko wapi?"

"Bi Hermine, tusigombane kwa karatasi ya ukutani." Neubrunn alijifuta makombo. "Watu wanakuja kuniona mimi. Na wewe jiulize, nikiweka jina la marehemu, nani atacheka? Watakaa pale wanalia tangu pazia linafunguka. Wamelia vya kutosha."

"Sikukuuliza habari za machozi ya watu. Nimekuuliza jina."

"Majivu hayapigiwi makofi, mama."

Hermine akamsogelea. "Rudia."

"Sirudii. Na vichekesho vya sehemu ya pili ni vyangu, unajua. Mumeo alikuwa mzito. Nimemfanyia hisani."

"Basi tafuta mtu mwingine wa kukunong'oneza maneno jukwaani!"

Neubrunn akacheka kile kicheko chake cha jukwaani. "Nenda. Utakaa chumbani kwako uwanong'oneze panya? Wao angalau mnafahamiana."

Waigizaji wawili waliokuwa wakigonga misumari kwenye pazia wakacheka pia, na Hermine akatoka nje uso unamwaka moto.

Habari ya panya kila mtu Hongkew aliijua. Wakimbizi walikuwa wengi, lakini wenye nafasi ya kuja kutazama mchezo wa Kijerumani hawakutosha kujaza ukumbi zaidi ya mara mbili, kwa hiyo kila mchezo ulichezwa mara mbili, ukazikwa, ukaanzwa mwingine. Mchana waigizaji waliuza soseji, walishona vifungo, walibeba magunia bandarini. Nani angekariri? Walimtegemea Hermine. Alikaa ndani ya kijisanduku chini ya ukingo wa jukwaa, kichwa tu kimechungulia, watazamaji hawamwoni, na alinong'ona kila mstari nusu pumzi kabla haujasemwa. Waigizaji waliudaka na kuusema kama vile umetoka moyoni mwao. Neubrunn ndiye aliyezidi wote. Tangu Vienna hakuwa amekariri kitu. Neno likitoka sandukuni lilipita sikioni na kutokea mdomoni bila kubisha hodi kichwani. Siku moja, katikati ya maneno ya mapenzi, panya alimkanyaga Hermine mguuni, naye akasema kwa hofu, "Panya!" Neubrunn, amepiga goti mbele ya binti mfalme, mkono kifuani, akatamka kwa sauti ya kuyeyusha mawe: "Panya!" Ukumbi ulicheka mpaka ikabidi pazia lishushwe.

Trude Halpern, aliyecheza mke wa fundi kufuli, alimfuata Hermine uchochoroni.

"Usigome, dada. Nakuomba."

"Kwa nini nisigome? Nimlishe maneno ya Siegmund kwa kijiko, yeye apewe maua?"

"Ukigoma, mchezo haupo. Hauko popote duniani ila humo kichwani mwako. Ukiondoka wewe kwa kipindupindu kesho, umekwenda nao. Unataka kumzika mumeo mara ya pili kwa sababu ya hasira?"

"Hasira ndiyo niliyobaki nayo, Trude."

"Basi njoo nayo," alisema Trude. "Sanduku lina nafasi."

Hermine akamwacha hapo. Alirudi chumbani, akalala chali akitazama dari lenye ukungu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshajua atakachofanya.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Nyuma kabisa alisimama Mzee Shen, mwenye jengo, na kikombe chake cha chai. Hakujua Kijerumani, lakini hakukosa mchezo, na kila mwigizaji alipotoa sauti kwa kifua kizima yeye alipiga ukelele wa "Hao!", yaani "Vizuri!" kwa Kichina, kama wanavyowasifu waimbaji kwao. Neubrunn aliuchukia ukelele ule. Alishawahi kumwendea na kumfokea kwamba hapa ni tamthilia, si mnada wa ng'ombe. Mzee Shen alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai, na juma lililofuata akapiga "Hao!" mbili.

Mchezo ulikwenda vizuri. Hermine alinong'ona, Neubrunn akadaka, watu wakacheka pale Siegmund alipotaka wacheke. Palipokuwa na vichekesho vya Neubrunn, Hermine alivinong'ona pia, meno ameyabana, na watu wakanyamaza. Hilo lilimpa raha kidogo.

Ikafika sehemu ya mwisho. Fundi kufuli, aliyewafungulia milango mtaa mzima, amesimama nje ya nyumba yake mwenyewe na kufuli limemkatalia. Anabisha. Mkewe anauliza kutoka ndani, "Nani?" Hapo ndipo yanapokuja yale maneno marefu ambayo Siegmund aliyaandika na kuyafuta majira yote ya baridi.

"Nani?" aliita Trude nyuma ya mlango.

Neubrunn akasogea ukingoni, akainamisha shingo, akatega sikio. Hermine akanyamaza.

"Nani wewe?" Trude alirudia, sauti imeingia wasiwasi.

Jasho lilianza kumshuka Neubrunn, likichora mifereji kwenye poda. Macho yake yakashuka sandukuni, yanaomba. Hermine aliyatazama vizuri, kwa starehe. Aone, mwanaharamu, aonje kusimama bila neno la mtu mwingine mdomoni. Kisha, kwa sauti ileile ya kazi, akanong'ona.

"Mimi ni kiumbe cha Siegmund Wantoch!" Neubrunn alinguruma.

"Alinitunga jikoni kwake, Ottakring," Hermine alinong'ona.

"Alinitunga jikoni kwake, Ottakring!"

"Nao wakamuua."

Mdomo wa Neubrunn ulishafunguka. Ukabaki wazi. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na sasa kichwa kilikuwa kimefika, kimechelewa, kikaona kilichofanyika. Alimtazama Hermine kwa chuki isiyo na poda wala rangi. Akafunga mdomo.

"Hao!" alipiga Mzee Shen kule nyuma.

Hapo ukumbi ukapasuka. Watu walisimama, wanapiga makofi, wanapiga miguu sakafuni. Mtu wa safu ya tatu, mzee wa Vienna, alikuwa akiita, "Wantoch! Wantoch!" Walipotulia, Hermine alimpa Neubrunn maneno yenyewe, moja baada ya jingine, bila kupunguza, kwa kuwa yale yalikuwa ya Siegmund na hayakuwa na kosa. Pazia likafungwa.

Neubrunn alimngoja nyuma ya jukwaa, kitambaa cha kufutia uso mkononi.

"Wewe mwanamke ni sumu."

"Na wewe ni mwizi. Tuko sawa."

"Umenisemesha kama kasuku mbele ya watu!"

"Kasuku hujisemea mwenyewe akishafunzwa. Wewe hata hapo hujafika."

"Lakini lile la mwisho sikulisema." Alimnyooshea kidole. "Umeona? Lile hukuniweza."

"Lile ndilo la kweli kuliko yote. Ulilimeza kwa woga."

"Woga?" Sauti ikamkatika, ile sauti nzuri. "Mama yangu bado yuko kule Vienna, Hermine. Tangu masika sina habari zake. Nikilisema lile kwa mdomo wangu, ni kama na yeye..." Akatupa kitambaa chini. "Toka. Toka machoni pangu."

Hermine akatoka. Alimsikitikia yule mama, Neubrunn mwenyewe hakumsikitikia hata chembe.

Onyesho la pili lilikuwa Jumatano. Hermine alipopita ukutani, bango lilikuwa lilelile, jina la Neubrunn limetanuka juu yake kama mwenye nyumba. Hakubandika hata ukanda wa karatasi wenye jina la Siegmund. Hermine akalitemea mate tena, akaingia sandukuni.

"Nani?" Trude aliuliza, wakati ulipofika.

Hermine alikuwa amevuta pumzi anong'one maneno ya Siegmund. Hakuwahi. Neubrunn hakusogea ukingoni wala hakutega sikio. Alisimama katikati ya jukwaa, amemkazia macho, chuki yake yote iko palepale.

"Mimi ni kiumbe cha Siegmund Wantoch," alisema, polepole, kila neno analiweka chini kama mtu anayeshusha mzigo. "Alinitunga jikoni kwake, Ottakring. Nao wakamuua."

Tangu aletewe lile kopo la majivu hakuna mtu aliyekuwa amelisema hilo kwa sauti mbele ya Hermine. Na sasa lilisemwa, mbele ya umati, kwa sauti nzuri kuliko zote alizopata kuzisikia, na ya mtu aliyemchukia kuliko wote.

Alifungua kinywa ampe mstari unaofuata. Sauti ikakataa. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye mbao za sanduku. Neubrunn aliona. Akasogea ukingoni, akainamisha shingo, akasimama pale mbele ya watu wote bila neno, na akamngoja, mshenzi yule, mpaka alipoweza.